Koki nyeusi ya bafuni imeota michirizi myeupe na malengelenge: niachane nazo?

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Tunamalizia nyumba Moshono, Arusha, na nimependa sana koki nyeusi zisizong'aa kwa ajili ya mabafu yote matatu. Fundi wetu ananikatisha tamaa, anasema maji ya Arusha yana fluoride na yanakula rangi. Lakini shemeji yangu yuko Moshi, anazo mwaka wa pili sasa na bado ni nzuri. Mimi nilitangulia kufunga moja choo cha wageni. Miezi minne tu imejaa michirizi myeupe. Nikaisugua kwa limao na chumvi, halafu dawa ya meno, michirizi ikapungua lakini sasa kuna sehemu inang'aa kama imepakwa mafuta, na chini pale inapokaa kwenye beseni rangi imeinuka kama malengelenge. Tuna simtanki kwenye mnara wa mita tatu hivi, maji ya mamlaka yanakuja kwa zamu na yakikatika tunachukua ya kisima cha jirani. Niachane nazo ninunue za kawaida za kung'aa? Kama sivyo, nichague vipi na nitunze vipi?"

Jibu:

Dada, hongera kwa kufika hatua ya kumalizia, maana ndipo wengi hukwama. Kuachana nazo si lazima. Ila ile koki ya choo cha wageni ina matatizo matatu, kila moja na chanzo chake, na ndiyo maana ulipotibu moja ukazaa jingine. Michirizi myeupe imeletwa na maji. Mng'ao umeletwa na chumvi na dawa ya meno. Malengelenge ulinunua nayo dukani, yalikuwa yanasubiri tu muda wake. Hayo mawili ya kwanza yanazuilika kwa matunzo. La tatu huzuilika siku ya kununua tu, kwa hiyo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Nianze na la fundi wako. Ni kweli maji mengi ya ukanda wa Meru yana fluoride nyingi. Miamba ya volkano huiachia kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za fluoride kwa lita, na viko visima na chemchemi huko kwenu vinavyopita hapo. Lakini miligramu chache ndani ya lita nzima haziwezi kula rangi ya koki wala brasi, ile metali ya njano, iliyo chini yake. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia huko yanatokana na kuyanywa maji hayo utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Haina maana kwamba maji yanababua kila yanachogusa. Na kwa kuwa umetaja kisima cha jirani: kuchemsha hakuondoi fluoride. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki na kukolea. Kwa kunawia hakina shida. Kwa kunywa na kupikia, hasa kama mna watoto wadogo, kipimwe kwanza maabara.

Kinachoonekana cheupe ni jumla ya madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Chukulia maji yana miligramu 500 za madini kwa lita. Tone moja ni kama mililita 0.05, likikauka linaacha miligramu 0.025, huwezi kuiona. Lakini koki ikiachiwa matone 40 kila siku, hiyo ni miligramu 1 kwa siku, palepale penye ukingo, kwenye shina la mpini na mdomoni. Miezi minne ni miligramu 120 za unga mweupe juu ya kitu cheusi. Koki ya kung'aa ya kawaida hupata kiasi kilekile, ila mng'ao unakificha. Kwa hiyo rangi nyeusi haivutii uchafu kuliko nyingine, inauonyesha tu.

Sasa, madini yenyewe si ya aina moja, na hapa watu wengi hupotea kwa kutumia siki kwa kila kitu. Maji yenye fluoride nyingi ya upande wa Meru kwa kawaida yana asili ya magadi, na alama za magadi huyeyuka kwa maji matupu. Chokaa haiyeyuki kwa maji, inataka asidi kidogo. Ya tatu ni silika, inayotoka kwenye miamba ileile ya volkano. Hiyo ikishakauka na kushika, maji hayaitoi na siki haiitoi. Moshi mjini maji mengi yanatoka kwenye chemchemi za miguuni mwa Kilimanjaro na kwa kawaida yana madini machache kuliko ya Arusha. Shemeji yako anaweza kuwa na koki ileile kama yako, akaipangusa mara chache kuliko wewe, na bado ikapendeza.

Kujua yako ni yapi, fanya hivi. Tafuta kipande cha tailizi nyeusi inayong'aa, au sahani ya kioo cheusi. Kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, dondosha matone kumi ya maji ya mamlaka upande mmoja, na kumi ya kisima upande wa pili, kila rundo sehemu moja. Acha yakauke yenyewe. Kisha futa nusu ya kila doa kwa kitambaa kilicholowa maji ya mvua au ya chupa. Kilichotoka ni magadi na jamaa zake. Kikibaki kitu, dondoshea siki, ngoja dakika tano, futa. Kilichotoka safari hii ni chokaa. Kama bado kuna ukungu mweupe usiotoka kwa vyote viwili, hiyo ni silika, na ukishaijua utaelewa kwamba dawa yake ni moja tu: matone yasikaukie kwenye koki. Anza na maji kabla ya siki, usigeuze, kwa sababu siki inachemka povu ikigusa magadi na chokaa vilevile, na hutajua umeona nini. Jaribio hili pia litakuambia ni maji ya nani yanayokuharibia, ya mamlaka au ya jirani.

Tuje kwenye ule mng'ao. Uso usiong'aa ukiukuza unafanana na barabara ya changarawe: vilima vidogo sana na mabonde, na mwanga ukipiga pale unatawanyika kila upande, ndiyo maana jicho linaona weusi mtulivu. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia, ndiyo kazi yake mdomoni. Chumvi ni chembe ngumu. Vyote viwili vimekata vile vilima vikawa tambarare, na mwanga sasa unarudi kwa pamoja. Rangi haijatoka, imelainishwa tu, na hakuna kitu cha kupaka kitakachoirudisha. Mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando au dawa ya kung'arishia gari yatasawazisha muonekano kwa siku mbili, kisha yatakamata vumbi na sabuni na kuacha mabaka. Rangi ya kopo la kupuliza nayo haitashika juu ya ile ya kiwandani bila maandalizi, na itaanza kubanduka kwenye mpini unaoshikwa kila siku. Ikubali ilivyo. Kama sehemu iliyong'aa ni mpini tu, muulize muuzaji kama anauza mpini peke yake. Kwa baadhi ya aina inawezekana, unafunguliwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita chini ya kifuniko kidogo.

Malengelenge sasa. Rangi ikiinuka namna hiyo ndani ya miezi minne, karibu kila mara chini yake kuna zinki. Koki nyingi za bei ndogo zimemiminwa kwa zinki, kwa sababu inayeyuka kwa joto dogo na inajaza kalibu vizuri. Ikiwa kavu haina neno. Lakini chini ya koki, pale kwenye ukingo wa beseni, maji hukaa siku nzima, yanapenya penye ufa usioonekana wa rangi, zinki inaanza kuliwa, inazaa unga mweupe unaotanuka na kuisukuma rangi juu. Limao na chumvi vimeharakisha, maana asidi na chumvi kwa pamoja ndiyo mchanganyiko ambao zinki haiwezi kuuvumilia. Toboa lengelenge moja kwa ncha ya sindano. Ukikuta unga mweupe na metali ya kijivu, jibu umepata, na koki hiyo haina matibabu. Iache ifanye kazi choo cha wageni mpaka ikuchoshe, usiigharamie.

Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza bei, igeuze koki chini juu. Angalia mahali ambapo rangi haikufika: ndani ya nyuzi za chini, kwenye tundu linaloingia mipira ya maji, ndani ya mdomo ukishafungua kichujio. Brasi ni ya njano, hata ikichakaa inabaki na unjano. Zinki ni ya kijivu na nyuzi zake mara nyingi ni butu. Kama muuzaji hataki ufungue, nenda duka jingine. Mjini Arusha maduka ya vifaa vya ujenzi hayakosekani. Uzito unasaidia lakini unadanganya: brasi ni nzito kuliko zinki kwa ujazo uleule, ila kiwanda kinaweza kutengeneza brasi yenye kuta nyembamba na zinki yenye kuta nene. Sumaku haitakusaidia kutofautisha hizo mbili, maana zote hazivutwi. Itakusaidia kukamata chuma cha kawaida kilichojificha kwenye nati na bamba la kubana chini, ambacho kitashika kutu na kuchuruzika kahawia. Usishtuke ukikuta kiwiliwili ni brasi na mpini ni zinki. Ni kawaida hata kwa koki nzuri, na mpini hauna maji ndani yake. Nisichokubali ni kiwiliwili cha zinki mahali pa kunawia kila siku.

Stenlesi ya daraja la 304 ni chaguo zuri pia, haina zinki wala risasi. Plastiki haishiki kutu, lakini nyuzi zake hupasuka fundi akikaza kwa nguvu. Iache kwenye bomba la mkono la kuogea ambako wepesi ni faida.

Juu ya metali kuna rangi, nayo ina aina zake. Ya kupuliza ya majimaji ndiyo dhaifu, ikikwaruzwa na pete inaonyesha chini. Ya unga unaookwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto 180 hadi 200 hivi ni nene, kwa kawaida maikromita 60 na zaidi, inavumilia maji na sabuni vizuri sana, na udhaifu wake ni kugongwa: inachanika kipande. Halafu iko inayoitwa PVD, ambapo metali hugeuzwa mvuke ndani ya chemba isiyo na hewa na kutulia juu ya koki kwa unene mdogo sana, mara nyingi chini ya maikromita 5. Ni nyembamba lakini ngumu mno, haikwaruziki kirahisi, na bei yake ni kubwa. Wauzaji siku hizi huita kila koki nyeusi PVD. Utaijua ya kweli kwa macho: angalia kona kali na maandishi yaliyochongwa. Rangi ya unga hulainisha kona na kujaza herufi kidogo. PVD huacha kila ukingo mkali kama ulivyochongwa, na weusi wake mara nyingi unaelekea kijivu cha risasi ya penseli. Kwa pesa za kawaida, brasi yenye rangi nzuri ya unga inatosha kabisa nyumbani. Usikubali kulipia PVD juu ya zinki.

Chagua pia umbo. Zile za mraba zenye mgongo bapa zinapendeza kwenye picha, lakini maji yanalala juu yake na kukaukia hapohapo. Kwa maji yenu chukua yenye mgongo wa mviringo au ulioinama, inayojimwagia yenyewe. Angalia mpira wa chini uwe mzima na mnene, ndio unaozuia maji kuingia pale yalipoanzia malengelenge. Na vyote vya bafu moja vinunuliwe vya kiwanda kimoja siku moja, pamoja na kizibo cha beseni na kichwa cha bafu, kwa sababu weusi wa kiwanda hiki si weusi wa kile, na tofauti inaonekana mchana kweupe. Siku hiyohiyo nunua katriji (kile kiini cha ndani kinachofungua na kufunga maji) moja ya akiba, hasa kwa aina isiyojulikana sana. Nyingi ni za kipenyo cha milimita 35 au 40, lakini miguu na vitundu vya chini hutofautiana, na miaka mitatu baadaye unaweza kuikosa.

Hujauliza kuhusu presha, ila umetaja mnara wa mita tatu, na hapo nina wasiwasi kuliko penye rangi. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya bar 1 hivi (bar ni kipimo cha presha). Tangi likiwa juu ya koki kwa mita tatu, una bar 0.3, ukitoa hasara za njiani inabaki chini ya hapo. Koki nyingi za mpini mmoja, hasa za mtindo wa Ulaya, zimeundwa kwa bar 0.5 au 1 kwenda juu. Mipira yake ni myembamba na katriji ina vitundu vidogo. Utafunga koki nzuri, itatoa maji kama uzi. Kabla ya kununua za mabafu matatu, nunua moja, ifunge bafu lililo mbali zaidi na tangi, fungua mpaka mwisho na ujaze chombo cha lita moja. Ikizidi sekunde 20, hutaipenda. Hapo una njia tatu: koki za presha ndogo zisizo na vizuizi vingi, mnara mrefu zaidi, au pampu ndogo ya kuongeza presha. Tafadhali fanya jaribio hilo kwa maji ya tangi. Siku ya zamu ya mamlaka, kama bafu limeunganishwa moja kwa moja, presha inaweza kuwa kubwa na ikakudanganya.

Maji ya zamu yana jambo jingine. Yakirudi baada ya kukatika yanakuja na mchanga na kutu ya kwenye mabomba. Ndani ya katriji kuna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na chembe moja ya mchanga inaweza kuvikwaruza. Kuanzia hapo koki inadondosha usiku kucha, na tone linalodondoka mahali pamoja ndilo linalochora ule mstari mweupe. Kwa hiyo weka kichujio cha wavu baada ya tangi, kisafishwe kila mwezi au maji yakija machafu. Na siku ya kufunga, kabla mipira haijaunganishwa, fundi afungue koki za ukutani (zile ndogo za kufungia maji chini ya beseni) zimwage kwenye ndoo kwa dakika moja au mbili, moto na baridi. Mabaki ya plastiki ya kuchomelea bomba za PPR huwa yanatoka hapo.

Kuhusu ufungaji, msisitizo wangu mkubwa ni mpangilio wa kazi: koki nyeusi ziwe kitu cha mwisho kabisa kuingia bafuni. Mafundi tailizi huosha grauti kwa asidi kali, na mvuke wake ndani ya bafu lililofungwa unaharibu rangi na metali bila hata kugusana nayo. Saruji mbichi nayo ina alikali, ikirukia na kukaukia pale itaacha alama. Tailizi zioshwe, zisuuzwe kwa maji mengi, bafu lipate hewa siku mbili, ndipo kasha lifunguliwe.

Fundi asitumie spana ya bomba yenye meno kwenye sehemu yoyote inayoonekana. Atumie spana ya mdomo laini, na katikati aweke kitambaa kinene au kipande cha ngozi. Mipira inayoingia tumboni mwa koki ina pete zake za mpira. Inakazwa kwa vidole tu, bila tepu. Nati za nusu inchi zinazokaa kwenye koki za ukutani zina washa ya mpira ndani, zikazwe kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Wanaokaza zaidi ndio wanaokata washa. Tepu nyeupe inahusika pale tu nyuzi zinapoziba zenyewe bila washa. Kama silikoni itatumika chini ya koki, aepuke ile inayonuka siki wakati inakauka, achukue isiyo na asidi, na afute iliyozidi ikiwa bado mbichi, maana ikishakauka kuikwangua ndiyo mikwaruzo yenyewe.

Matunzo ya kila siku ni mafupi kuliko watu wanavyofikiri. Tundika kitambaa kikavu laini cha pamba au maikrofaiba karibu na beseni, na wa mwisho kutumia bafu asubuhi na usiku apanguse koki: mgongo, shina la mpini, mdomo kwa chini, na duara la chini kabisa. Ni sekunde kumi. Kwa maji yenye silika hakuna mbadala wa hili. Mara moja kwa wiki osha kwa maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, tumia kitambaa, suuza, kausha. Alama zilizobaki zijaribu kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji matupu, ukiache juu yake dakika tano. Za magadi zitaondoka hapo. Zikigoma, changanya siki kipimo kimoja na maji vipimo vinne, jaribu sehemu ya nyuma isiyoonekana, kisha lowesha kitambaa na ukifunge kwenye alama kwa dakika tatu hadi tano. Usipulizie moja kwa moja, maji yatatafuta njia ya kuingia kwenye mpini. Suuza sana, kausha. Hii iwe mara chache, tuseme mara moja kwa mwezi, na kamwe usiifanye kwenye koki iliyochanika rangi. Soma pia karatasi ya kiwanda. Wengine wanakataa asidi ya aina yoyote, na ukiitumia udhamini wako umeisha.

Visivyoruhusiwa kabisa ni jiki, dawa ya kusafishia choo, spiriti, unga wa kusugulia, dawa ya meno, upande wa kukwaruza wa dodoki la vyombo na waya wa masufuria. Mwambie hivyo dada anayekusaidia nyumbani kabla hajaanza, na umpe kitambaa cha koki peke yake, kwa sababu kile kilichofuta sakafu kina mchanga. Anaposafisha choo kwa dawa kali afungue dirisha, na akinyunyizia kwa bahati mbaya asuuze papo hapo.

Kichujio cha mdomoni kifunguliwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kingi ni cha nyuzi za milimita 24 au 22. Zungushia kitambaa ndipo ushike kwa koleo, au tumia ufunguo wake wa plastiki kama umekuja nao. Toa wavu wa ndani, huo loweka kwenye siki nusu saa kwa raha zako maana hauna rangi, piga kwa mswaki wa zamani na urudishe. Koki inayorusha maji pembeni au iliyopungua nguvu, mara nyingi tatizo ni hapo tu.

Sasa swali lako la mwisho, uchukue za kung'aa? Ningekuwa na mabafu matatu na maji kama yako, ningeweka nyeusi za brasi kwenye bafu lenu wenyewe, ambako mnaweza kusimamia kitambaa. Bafu la watoto na choo cha wageni ningeweka stenlesi iliyosuguliwa isiyong'aa sana, kwa sababu ndiyo inayoficha alama za maji na vidole kuliko zote na ukiikwaruza kidogo haionekani. Za kung'aa za kawaida ni rahisi kusafisha na vipuri viko kila duka, hakuna aibu kuzichagua. Lakini kama moyo wako uko kwenye nyeusi kwa nyumba nzima na mko tayari kupangusa kila siku, zitakaa miaka mingi. Kuna mtu atakuambia utazipeleka kupakwa upya zikichoka. Inawezekana kwa brasi, koki ikifunguliwa yote, katriji na mpira vitolewe, rangi ya zamani iondolewe na ya unga iokwe upya. Kwa zinki usijaribu. Ikiingia tanurini hewa iliyonaswa ndani ya metali hutoka na kuacha mapovu kwenye rangi mpya.

Muite fundi bomba aliyezoea miksa (koki zinazochanganya maji ya moto na baridi), usijaribu mwenyewe, ukiona maji yanatoka chini ya shina la mpini, koki inadondosha hata baada ya kusafisha kichujio, au kabati la chini ya beseni lina unyevu. Kubadilisha katriji si kazi kubwa, lakini nati yake ikikwama na ukailazimisha, unaweza kupasua kiwiliwili. Na kama mnafikiria zile koki za kutokea ukutani, ambazo mwili wake unafukiwa na tailizi, lazima mtu mwenye uzoefu nazo asimamie tangu sasa, kabla tailizi hazijapandishwa. Mwili wa ndani ukaguliwe uwe brasi, ukae kwenye kina kilichoandikwa na kiwanda, na bomba zote zijazwe maji na kubanwa kwa pampu ya kupimia presha angalau saa moja huku kila kiungo kikiangaliwa kwa macho. Kipimo kikishuka, ukuta usizibwe.